Godauni la Mwalimu: shelfu zilizopinda kabla ya kubeba

Mwalimu alinipigia simu Jumapili jioni, mvua ya Desemba ikipiga bati kiasi kwamba nilimsikia kwa shida. "Fundi, shelfu zimelala," akasema. "Njoo na kalipa yako, ile ya kupimia unene."

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Iyunga, Mbeya. Mwalimu ni jirani yangu, amestaafu baada ya kufundisha hesabu maisha yake yote, na chumba chake cha uani hakina kitanda wala kochi. Kina meza moja ya mbao, mita tatu kwa moja, na juu yake kuna mfano mdogo wa kipande cha reli ya TAZARA kama anavyokikumbuka: njia kuu, njia mbili za kupishana, jukwaa la abiria, na pembeni godauni la mizigo lenye milango miwili mipana. Nyaya zote za chini ya meza nilizifunga mimi. Kazi ya karatasi na mbao huwa anaifanya mwenyewe na hapendi kuingiliwa, kwa hiyo simu ile ilinishtua kidogo.

Kabla ya shelfu zenyewe, lazima niseme habari ya kipimo, maana kila namba inayofuata imetoka hapo. TAZARA, ile njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067 kati ya reli na reli, ili iungane na reli za Zambia. Reli ya zamani ya kati, ile inayokwenda Kigoma, ina milimita 1,000. Ukitaka kuiga TAZARA mezani una njia mbili za kawaida. Unaweza kutumia kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli ya milimita 12, au kipimo cha 1:64 na reli ya milimita 16.5. Gawanya 1,067 kwa 16.5 utapata karibu 64.7, yaani unakaribia kabisa. Mwalimu ana binti Ujerumani aliyemletea boksi la reli zilizotumika za milimita 16.5, kwa hiyo uamuzi ulishafanywa na sanduku la ndege. Faida nyingine aliigundua mwenyewe sokoni Mwanjelwa: vile vigari vya chuma wanavyochezea watoto, vingi vinakaribia 1:64. Malori ya meza yake yote yamenunuliwa kwenye meza za wamachinga.

Basi, godauni. Ndani lina urefu wa milimita 360, sawa na jengo la mita 23 kwenda juu kidogo. Mwalimu alitaka milango ikiwa wazi mtu aone shelfu za chuma zimejaa mizigo hadi juu, kama alivyoona kwenye picha za maghala ya Ulaya. Alichora vizuri sana. Shelfu halisi za namna hiyo huwa na nguzo zilizounganishwa mbili mbili kama ngazi, na kati ya ngazi na ngazi kuna mihimili ya kulalia mzigo. Mhimili wa kawaida wa mita 2.7 kwa 1:64 ni milimita 42. Kina cha ngazi, mita 1.1, ni milimita 17. Urefu wa mita 4.5 ni milimita 70. Nguzo ya sentimita 10 ni milimita moja na nusu. Vyumba vinane mfululizo, chumba kikiwa nafasi kati ya ngazi na ngazi, nguzo tisa: mara nane ya 42 ni 336, ongeza tisa mara 1.5, jumla 349.5. Nafasi inabaki milimita kumi na nusu. Karatasi ile ya hesabu nimeiona, imepigiwa mistari miwili chini ya jibu kama daftari la mwanafunzi bora.

Nilipofika aliniwashia taa ya chumba, akanyanyua paa la godauni kwa vidole viwili. Nikaona. Shelfu nzima ilikuwa imetoka tumbo kuelekea milangoni, ngazi za katikati zimehama kutoka ukutani, na kila ubao wa shelfu, uliokatwa kwenye karatasi ngumu, ulikuwa umebonyea katikati ya chumba chake. Juu yake magunia madogo ya kitambaa, yameshonwa mdomo kwa uzi, mazuri mno. Yalikuwa yameegemeana kama walevi wa ulanzi.

"Uzito," Mwalimu akasema. "Nilijaza mchanga. Nilitaka yakae kama gunia linavyokaa, yasisimame kama mito. Nimeyazidishia."

Maelezo hayo yalikuwa na sura ya ukweli. Ubao umebonyea katikati, juu yake kuna mzigo wa mchanga. Nani atatafuta mchawi mwingine? Mimi mwenyewe niliyakubali kwa muda wa chai moja. Kilichonitoa hapo ni Mwalimu mwenyewe, maana hawezi kuona namba ikapita bila kuikamata. Gunia la kilo 100 ukilipunguza mara 64 kwa urefu, upana na kimo, ujazo wake unagawanywa kwa 64 mara 64 mara 64, ambayo ni 262,144. Gramu laki moja ukizigawanya kwa hiyo unapata gramu 0.38. Mchanga ni mzito kuliko mahindi zaidi ya mara mbili, kwa hiyo magunia yake yangekuwa na gramu 0.8 au 0.9. Kesho yake tulipeleka magunia ishirini kwa sonara mmoja mjini, anayepima dhahabu ya Chunya kwa mizani ya kioo. Alituangalia, akapima, akasema gramu 17. Yaani 0.85 kila moja. Sonara hakututoza kitu. Alitaka tu kujua tunauza nini.

Gramu 0.85 mara nane juu ya ubao wa milimita 42 hazifiki gramu saba. Kuna jambo hapa ambalo wanaotengeneza vitu vidogo kwa mara ya kwanza hulisahau. Kitu kikipunguzwa, uzito wake hupungua haraka kuliko nguvu zake. Ukipunguza shelfu mara 64 kwa vifaa vilevile na mzigo uleule uliopunguzwa, kubonyea kwake ukilinganisha na urefu wake nako kunapungua mara 64. Ndiyo maana siafu anabeba anachobeba. Njiti ya kiberiti inayoshika mhimili mdogo, kwa mwili wake, ina nguvu kupita chuma cha godauni la kweli. Na shelfu za kweli zenyewe haziachiwi zibonyee: kawaida mhimili ukiwa na mzigo wake wote hauruhusiwi kushuka zaidi ya sehemu moja ya mia mbili ya urefu wake, yaani milimita 13 au 14 kwa mhimili wa mita 2.7. Shelfu za Mwalimu zilikuwa zimeshuka milimita moja na nusu. Kwa kipimo chake, hiyo ni karibu sentimita kumi. Godauni la kweli lingekuwa limeshafungwa na watu wametolewa nje.

Tuliondoa magunia yote, tukalala. Asubuhi ubao haujarudi hata unywele. Hilo peke yake halikutosha, kwa sababu karatasi ngumu ikishakunjika haina tabia ya kurudi. Ushahidi tuliupata ndani ya boksi la viatu. Mwalimu alikuwa amekata mbao za akiba tatu, akazipaka rangi siku moja na zile nyingine, akaziweka humo na hazikuwahi kubeba hata punje. Nilizilaza juu ya kioo cha dirisha alichonacho mezani kwa ajili ya kukatia. Zote tatu ncha zilikuwa juu, tumbo chini, na kijiti cha meno kilipita chini ya ncha bila kugusa.

Mwalimu alikaa kwenye kiti. "Kumbe zimebonyea zenyewe."

Zimebonyezwa na rangi. Ubao wa shelfu ulikuwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni, umepakwa rangi ya maji upande wa juu tu, kwa sababu upande wa chini hauonekani na Mwalimu hapotezi rangi. Karatasi inaponywa maji upande mmoja hutanuka upande huo kwanza. Ikikauka, upande uliopakwa unajivuta na kubaki mfupi kuliko ule mkavu. Matokeo yake karatasi inakunja uso kuelekea kwenye rangi. Rangi ikiwa juu, ncha zinapanda na katikati inashuka. Ukiibandika ncha zote mbili kwenye nguzo, kinachoonekana ni shelfu iliyolemewa. Angepaka upande wa chini, shelfu zingevimba juu kama mkate, na asingewaza uzito hata dakika moja. Kosa lilivaa nguo za kosa jingine.

Lakini kubonyea hakuelezi kwa nini ngazi za katikati zilitoka tumbo kwenda milangoni. Hapo ndipo kalipa ilipofanya kazi. Nguzo zilikuwa njiti za kiberiti. Kwenye karatasi zimeandikwa milimita 1.5, kwenye kalipa zilisoma 2.1, 2.2, moja 2.4. Nikachukua 2.2. Tisa mara hiyo ni 19.8. Kisha gundi. Kila mhimili umegusa nguzo kwa ncha mbili, vyumba vinane, maungio kumi na sita, na gundi nyeupe ya mbao iliyowekwa kwa ukarimu inaacha utando. Nilikadiria milimita 0.3 kila ungio, jumla 4.8. Ongeza mihimili 336. Jibu: 360.6. Nafasi ya ndani ya godauni: 360.

Nusu milimita na kidogo. Nilicheka, nikasema haiwezekani kitu hicho kitoe tumbo lile. Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu. Kitu chembamba chenye urefu kidogo kuliko nafasi yake kinajikunja upinde, na kina cha upinde huo, akaniandikia, ni kipeuo cha pili cha tatu-juu-ya-nane mara urefu mara ziada. Tatu juu ya nane mara 360 mara 0.6 ni 81. Kipeuo cha pili cha 81 ni tisa. Milimita tisa! Ziada ambayo huioni kwa macho inasukuma katikati milimita tisa nje, zaidi ya nusu ya kina cha shelfu nzima. Tulipima tumbo: milimita sita. Tatu zilizobaki zilimezwa na mbao na kuta za boksi zilipobanwa, nadhani. Nimefunga mabomba ya nyaya kwenye kuta miaka mingi na nimeona bomba refu kidogo likipiga upinde katikati, nikalilaani, na sikuwahi kujua kwamba lina hesabu yake.

Nikamuuliza, wakati wa kuiingiza hukuhisi? Akasema ilikuwa Septemba, kiangazi, na iliingia. Kisha akaangalia pembeni: "Niliisukuma kidogo kwa kidole gumba." Desemba ilipofika, karatasi na mbao zikanywa unyevu, zikanenepa kidogo, na kidole gumba cha Septemba kikalipwa. Wanaokaa Mbeya wanajua Novemba hadi Aprili milango ya mbao inavyokataa kufunga. Shelfu ya Mwalimu ilifanya hivyohivyo, ila haikuwa na pa kwenda.

Kosa la pili la vipimo lilikuwa dogo lakini nalitaja kwa sababu mafundi wengi hulirudia: alipima kila chumba kutoka mwisho wa kile kilichotangulia. Ukikosea nusu milimita mara nane upande uleule unaishia na milimita nne. Pima vyote kutoka ncha moja na makosa hayajumlishani.

Tulikuwa bado tumeinamia kioo wakati mzee mmoja alipoingia kumsalimia Mwalimu. Alikuwa mtunza ghala la mazao kwa miaka mingi kabla hajastaafu, na sasa analima parachichi Rungwe. "Ugonile," akasema kwa Kinyakyusa chake. Nikampa shikamoo. Akaegemea meza, akatazama ndani ya godauni lisilo na paa, akanyamaza kwa muda.

"Haya ni mahindi?" akauliza, akinyooshea magunia.

"Mahindi na mchele," Mwalimu akajibu.

"Mahindi mmeyapandisha shelfu ili iweje? Nani atapanda kuyashusha?"

Akatuambia kama mtu anayefundisha vibarua siku ya kwanza. Magunia hukaa chini, juu ya chaga, yasiguse sakafu kwa sababu sakafu inatoa unyevu. Hupangwa kama matofali, safu moja kwa urefu na inayofuata kwa upana, ili mlundo ujishike wenyewe. Na usisogeze mlundo ukutani. Uache njia mtu azunguke, aone panya wamepita wapi na dumuzi wameanza gunia gani, na siku ya kupiga dawa turubai lishuke hadi chini pande zote. Shelfu? Shelfu ni za vipuri, makopo ya rangi, katoni, viuatilifu vilivyo peke yake mbali na chakula. "Hili," akasema, "ni duka la jumla limevaa magunia."

Mwalimu aliumia, nilimwona. Shelfu nane kwa wiki saba si kazi ya mchezo. Alijaribu kujitetea kwamba siku hizi kuna maghala ya kisasa yenye shelfu hadi darini, na ni kweli yapo. Lakini nilikuwa upande wa mzee, na nilisema. Godauni lile limejengwa ubavuni mwa reli ya miaka ya 70, paa la bati, milango ya kusukuma. Yeye alikuwa ameiga picha ya nchi nyingine ndani ya jengo la kwetu, na hiyo ilinisumbua kuliko tumbo la milimita sita. Mtu wa Mbeya akichungulia mlangoni atajua kuna kitu hakipo sawa hata kama hawezi kukitaja.

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Vyumba vinne vya shelfu upande wa kushoto kwa vipuri na katoni, na kulia milundo ya magunia juu ya chaga. Nikasema nguzo nitatengeneza mimi, na njiti za kiberiti zirudi jikoni.

Waya wa taa, ule wa milimita 1.5 za mraba ambao kila fundi umeme ana vipande vyake mfukoni, una shaba ya kipenyo cha milimita 1.38. Zidisha mara 64: milimita 88. Hiyo ni nguzo ya shelfu kabisa. Nilivua ganda kipande cha mita moja, nikafunga ncha moja kwenye jiliwa, nyingine nikaishika kwa koleo, nikaegemea nyuma taratibu kwa uzito wa mwili. Kuna wakati unausikia mkononi waya ukiacha ukaidi. Unarefuka kidogo, na ukiuachia unabaki umenyooka kama spoku mpya, tena umekuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Kukata baada ya hapo kunataka msasa kwenye ncha, maana koleo linaacha mdomo wa patasi na mdomo huo ndio ungeturudishia milimita zetu za ziada.

Ngazi nilizichomea kwenye ubao wenye misumari midogo minane, ikishika waya mbili kwa umbali wa milimita 17. Vipande vya kukingama na vya mshazari ni waya mwembamba wa simu. Tatizo la lehemu kwenye kitu kidogo ni kwamba ukichoma ungio la pili, la kwanza linaachia. Pamba iliyoloweshwa maji ikifungwa kwenye ungio lililokwisha inazuia moto usifike. Ngazi ya kwanza ilinichukua saa nzima na kidole kimoja. Ya tano dakika kumi. Mihimili ishirini na nne ni waya uleule, imekatwa pamoja kwenye kizuizi kimoja ili zote zilingane kwa 42. Jumla: nne mara 42, ongeza tano mara 1.4, milimita 175, na bado nusu ya godauni ipo wazi.

Mbao za shelfu tuliziacha kabisa. Kwenye shelfu za chaga mara nyingi hakuna ubao. Chaga yenyewe inalala juu ya mihimili miwili, mbele na nyuma, na inachungulia nje kidogo. Chaga ya mita 1.2 kwa 1 ni karibu milimita 19 kwa 16, na Mwalimu alizikata kwa karatasi ya manila, vipande vya upana wa milimita 1.6, akazipaka vanishi pande zote mbili. Pande zote mbili, alinionyesha moja moja chini ya taa.

Nguzo tukazipuliza rangi ya buluu, mihimili ya chungwa. Mzee aliporudi Januari alilalamika kuhusu kitu kimoja tu: mlundo wa magunia ulikuwa umegusa ukuta wa nyuma. Mwalimu akausogeza milimita kumi na mbili kwa rula. Mzee akauliza hizo ni hatua ngapi. Sentimita 77, akaambiwa. "Unanipitisha mimi, kitambi hakipiti," akasema, na Mwalimu akaongeza nne.

Shelfu za zamani hakuzitupa. Ngazi tisa za njiti zipo kwenye kopo la maziwa juu ya dirisha, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo huwa anazitoa, anazipima kwa kalipa yangu ambayo hajanirudishia, na kuandika namba kwenye daftari.